Sauti Itokayo Sikioni

Mhadhara kwa wauguzi, walimu na wazazi, Dodoma

Mbukwenyi! Ndugu zangu mliohamia huku na wizara zenu mtanivumilia. Hiyo ndiyo salamu ya Wagogo, wenyeji wa hapa, na kwa kuwa mada yetu ni masikio, nimeona tuanze kwa kuyajaribu.

Nimeombwa nizungumzie kipimo cha usikivu cha watoto wachanga. Baadhi yenu mmekiona. Mtoto amelala, nesi anachomeka kidude chenye ncha ya mpira laini kwenye tundu la sikio, anasubiri kama nusu dakika, mashine inatoa jibu, anahamia sikio la pili. Mtoto haulizwi kitu wala haamshwi. Watu wengi, wakiwemo wahudumu wanaokitumia, hudhani mashine ile inapiga sauti halafu inaangalia kama mtoto kaisikia. Sivyo. Sauti inapigwa, ndiyo, lakini kinachopimwa ni sauti nyingine, ambayo sikio la mtoto lenyewe linaitoa kuja nje. Sikio zima hutoa sauti, likiharibika, hunyamaza. Ukishalielewa jambo hilo utajua pia ni wapi kipimo hiki ni cha kuaminiwa, na ni wapi kinaweza kukudanganya mchana kweupe.

Lakini kabla ya kuieleza sauti hiyo, tuone kwa nini masikio husahaulika. Ukitaja ulemavu hapa Ugogo, watu hufikiria macho. Shule ya wasioona ya Buigiri, hapo Chamwino, ilifunguliwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1950. Kongwa nayo imekuwa ikitajwa katika majarida ya tiba ya dunia tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope. Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na wenzake Watanzania, walifanya kazi na vijiji vile miaka mingi, na mwaka 1995 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuwanawisha watoto nyuso, baada ya kugawa dawa, kunapunguza trakoma kali. Jicho bovu linaonekana: lina tongotongo, lina nzi, mtoto anajikwaa. Sikio bovu halimsumbui mpita njia. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora, hukuhuku kwenye uwanda wa kati, mwaka 1963. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi baada ya Buigiri.

Mtoto kiziwi, bila kukusudia, humficha mama yake ukweli. Miezi ya mwanzo hulia kama wengine, hucheka kama wengine, na hata zile sauti za kujiongelesha kitandani anazitoa. Bibi akipiga sufuria nyuma yake anageuka, kwa sababu amehisi mtikisiko wa sakafu, au ameona kivuli, au ameona macho ya mama yakielekea huko. Familia inaridhika. Akifika mwaka mmoja na nusu bila neno, wanasema baba yake naye alichelewa. Akifika miaka mitatu, wanasema ana kiburi, haitiki akiitwa, na wengine humchapa. Marekani yenyewe, kabla haijaanza kupima watoto wote wanapozaliwa, mtoto aliyezaliwa kiziwi aligunduliwa kwa wastani akiwa na umri wa miaka miwili na nusu hivi, katika nchi yenye madaktari wa watoto kila mji. Sisi hatuna sababu ya kudhani kwamba tunawahi kuliko wao.

Sasa turudi kwenye ile sauti itokayo sikioni.

Ugunduzi wake ulianza na ubishi. Katikati ya karne iliyopita bingwa wa elimu ya sikio alikuwa Georg von Békésy, Mhungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Alifungua masikio ya maiti, akamulika koklea, ule mfereji wenye maji uliojisokota mizunguko miwili na nusu ndani ya mfupa wa kichwa, akaona jinsi wimbi la sauti linavyosafiri juu ya utando wake. Kazi ya kustahili heshima. Lakini wimbi aliloliona lilikuwa pana na legevu, wakati sisi tulio hai tunatenganisha noti mbili zinazokaribiana mno. Ilidhaniwa kwamba ubongo ndio unaomalizia kazi.

Kijana mmoja aliyezaliwa Vienna na kusoma Cambridge, Thomas Gold, hakukubali. Wakati wa vita alikuwa amefanya kazi ya rada, kwa hiyo alizijua saketi. Mwaka 1948 alitoa hoja nyepesi kuieleza na nzito kuipinga: koklea imejaa maji, na maji huua mtikisiko mara moja, basi utando ule hauwezi kuchagua noti kwa ukali tunaousikia, isipokuwa kuna kitu ndani ya sikio kinachouongezea nguvu. Sikio, alisema, lina amplifaya yake. Mmehudhuria mikutano ya hadhara ya kutosha humu Dodoma kujua linalotokea fundi mitambo akisogeza maiki mbele ya spika: sauti inaingia, inakuzwa, inatoka, inaingia tena, mara uwanja mzima unaziba masikio kwa mluzi. Gold aliona kwamba kama sikio lina amplifaya, lazima nalo wakati mwingine lipige mluzi, na mluzi huo utoke nje. Alijaribu kuusikiliza kwa maikrofoni akaambulia patupu. Vyombo vya wakati ule havikuwa na uwezo. Akaacha mambo ya sikio, akahamia kwenye elimu ya nyota, ambako alipata sifa kubwa zaidi. Na mabingwa wa sikio hawakuhuzunika kumwona anaondoka.

Miaka 30 ilipita. Mwaka 1978 mwanafizikia wa London, David Kemp, alichapisha alichokipata baada ya kuziba tundu la sikio kwa kidude chenye spika ndogo na maikrofoni ndogo. Alipiga mlio mfupi sana, wa kukatika, tena na tena, akajumlisha yaliyorudi ili kelele za kawaida zijifute zenyewe. Mlio ulikufa. Kisha, kati ya milisekunde 5 na 15 baadaye, kikaja kisauti dhaifu.

Angalieni hesabu, maana hapa ndipo penye ushahidi. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Sauti ikienda hadi kwenye ngoma ya sikio na kurudi imetembea sentimita tano. Kwa mwendo wa mita 340 kwa sekunde, safari hiyo haifiki hata sehemu mbili za kumi za milisekunde moja. Mwangwi unaokuja baada ya milisekunde kumi haukugonga ukuta ukarudi. Katika muda huo sauti hewani ingekuwa imekwenda zaidi ya mita tatu. Umetoka mahali ambapo sauti inasafiri polepole mno, nako ni ndani ya koklea, juu ya ule utando. Zaidi ya hapo, Kemp alipopima masikio ya watu viziwi, hakikurudi kitu. Mwanzoni walikuwepo waliotia shaka na kusema ni hitilafu ya vyombo. Leo kipimo hicho kinafanywa kwa mamilioni ya watoto kila mwaka, na mluzi wa Gold umerekodiwa: karibu nusu ya masikio mazima hutoa sauti nyembamba isiyokoma, usiku na mchana, bila kuchokozwa. Mwenye nayo kwa kawaida haisikii.

Nani anaitoa? Ndani ya kila koklea kuna seli zenye vinyweleo za aina mbili. Za ndani, kama 3,500, ziko safu moja, na ndizo zinazopeleka habari kwenye neva. Za nje ni kama 12,000, safu tatu, na hizo hazina habari nyingi za kupeleka ubongoni. Kwa muda mrefu haikueleweka zipo kwa ajili gani. Katika miaka ya 1980 William Brownell aliziona zikirefuka na kufupika zinapopewa umeme, zinacheza. Mwaka 2000 maabara ya Peter Dallos ikaitambua protini inayozichezesha, ikaitwa prestini. Kucheza kwao ndiko kunakoutikisa utando zaidi ya sauti ilivyoutikisa, na sehemu ya mtikisiko huo huvuja kurudi nyuma: kwenye vile vifupa vitatu vya sikio la kati, kwenye ngoma ya sikio, hadi nje. Seli hizi zikifa, mtu hupoteza desibeli 40 hadi 60 za usikivu.

Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanazijua seli hizi bila kujua jina lake. Masikio yanavuma, watu wanaongea kwa mbali, dunia imefunikwa blanketi. Kwinini huzilegeza kwa muda, na aspirini ya dozi kubwa vilevile. Ukipima wakati huo utakuta sauti ya sikio imefifia, na dawa ikishatoka mwilini inarudi. Lakini dawa nyingine haziishii kulegeza. Gentamaisini tunayowachoma watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, na kanamaisini waliyochomwa kwa miezi wagonjwa wa kifua kikuu sugu kabla Shirika la Afya Duniani halijaanza, mwaka 2018, kuzielekeza nchi ziachane nayo, huweza kuziua kabisa. Sijasema mama akatae sindano ya gentamaisini. Maambukizi ya damu huua mtoto kwa siku chache, na dawa hiyo imeokoa maelfu. Nasema mtoto aliyeipata apimwe masikio, basi.

Na seli hizo zikifa zimekufa. Kuku, kwa taarifa yenu, seli zake za sikio zikiharibiwa huota upya. Jambo hilo liligunduliwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo kuku wa Singida ana bahati ambayo Waziri Mkuu hana, ingawa bahati yake huishia sufuriani.

Kipimo chenyewe kipo cha namna mbili. Cha kwanza ni kile cha Kemp, cha mlio wa kukatika na mwangwi wake. Cha pili kinapendeza zaidi, nacho ndicho kilichomo katika mashine nyingi za mkononi. Mashine inapiga noti mbili kwa pamoja, tuseme moja ya hezi 2,000 na nyingine ya hezi 2,400, halafu inasikiliza noti ya tatu: mara mbili ya ile ya kwanza, toa ya pili. Yaani 1,600. Noti hiyo mashine haikuipiga. Hakuna spika iliyoitoa. Imezaliwa ndani ya koklea, kwa sababu zile seli za nje zinapochezeshwa na sauti mbili kwa wakati mmoja hazifuati kwa uaminifu, zinachanganya. Mashine ikiikuta 1,600 ikiwa imezidi kelele za chumbani kwa desibeli sita au zaidi, inajua seli za eneo lile ziko hai. Inarudia kwa noti za juu na za chini, kisha inatoa jibu.

Wanaotilia shaka nawaomba watafute filimbi mbili za plastiki zisizolingana kidogo, watu wawili wazipulize kwa nguvu karibu na masikio yao. Watasikia mngurumo wa chini ambao haumo katika filimbi yoyote kati ya hizo. Giuseppe Tartini, mpiga fidla wa Italia, alisema aliusikia mwaka 1714. Naamini wazee wa Ugogo waliusikia kabla yake, ila hawakuandika. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya sauti zinazozaliwa na sauti nyingine. Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, aliuzungusha duniani kwa ala za ilimba na zeze, na mwenye kuijua ilimba anajua kwamba matundu yake huzibwa kwa utando wa buibui ili kila ufunguo ukiguswa uvume zaidi ya mlio wake. Kisayansi si kitu kilekile. Uvumi wa ilimba unatoka kwenye utando wa buibui na uko hewani, wa sikio uko sikioni. Lakini mtu aliyekulia kwenye nyimbo zile hashangai ukimwambia kwamba sauti mbili zikikutana, tatu husikika.

Twende wodini. Mtoto anyonyeshwe kwanza, afungwe vizuri, alale. Akilia, acha, kilio chake ni kikubwa mara nyingi kuliko kisauti unachokitafuta. Zima feni kama unaweza, omba mlango ufungwe, maana toroli la chakula likipita koridoni limekwisha kukuharibia. Chagua ncha ya mpira inayojaa tundu bila kulazimisha. Ndewe ya sikio la mtoto mchanga ivutwe taratibu kwenda chini na nyuma, tundu linyooke, ndipo uchomeke. Kosa la wanaoanza ni kuchomeka juujuu: kelele zinaingia, sauti inavuja, mashine inasema apelekwe mbele, mama anarudi nyumbani na hofu isiyo na sababu. Angalia ncha baada ya kila mtoto. Uchafu mdogo ukiziba kijitundu cha maikrofoni utapata viziwi kumi mfululizo asubuhi moja. Ukiona hivyo usishangae ukoo, safisha kidude.

Mashine haitoi alama kama za mtihani. Inasema moja kati ya mawili: amepita, au apelekwe mbele kwa uchunguzi. La pili halina maana ya kiziwi. Sauti hii inapita sikio la kati mara mbili, ikienda na ikirudi, kwa hiyo chochote kilichomo njiani kinaizima: ule utando mweupe aliozaliwa nao mtoto, maji nyuma ya ngoma ya sikio, nta, usaha. Katika saa 24 za kwanza masikio mengi mazima hukwama kwa sababu hiyo tu. Na kwetu, mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya saa 24. Mnaona tatizo: tunapopata nafasi ya kumpima mtoto, ndipo sikio lake linapokuwa na uchafu zaidi.

Na kuna kasoro ya upande wa pili, ambayo mimi naiogopa zaidi. Kipimo kinaishia kwenye seli za nje. Hakijui kama habari imefika kwenye neva, wala kama neva imeipeleka ubongoni. Wapo watoto ambao seli zao za nje zinacheza vizuri kabisa, mashine inasema amepita, na mtoto hasikii maneno, kwa sababu njia imekatika mbele. Walio katika hatari hiyo ni hasa waliozaliwa njiti, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na waliopata manjano kali. Ndio hao waliolazwa chumba cha watoto wachanga mahututi. Kwa hao kipimo hiki peke yake hakitoshi. Wanahitaji kile cha kubandika vipande vya waya kichwani na kusoma umeme wa neva. Hospitali inayonunua mashine moja tu na kuitumia kwa watoto wote bila kubagua, ikawaambia wazazi wa njiti kwamba yote ni salama, ingekuwa heri isingepima.

Utafiti wa kwetu umewahi kuligusa jambo hili kwa watu wazima. Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wa Dartmouth, Marekani, walipima masikio ya watu wanaoishi na VVU jijini Dar es Salaam, kwa kutumia sauti hizihizi za sikio pamoja na vipimo vingine. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba malalamiko ya wagonjwa kuhusu kusikia yalielekea kutoka kwenye ubongo kuliko kwenye koklea. Mmoja wa viongozi wa kazi ile, Jay Buckey, ni daktari aliyeruka angani kwa chombo cha Columbia mwaka 1998. Kelele za vyombo vya anga huharibu masikio ya wanaanga, na vifaa vidogo vilivyobuniwa kwa ajili ya shida hiyo vikaja kufaa kliniki ya Dar es Salaam. Msaada huja kwa njia zake.

Tufanye nini basi hapa uwandani? Mimi sioni haja ya kuiweka mashine hii mlangoni kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Mahali pake ni kwenye meza ya chanjo. Kinamama wa Bahi, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni wanaokosa nauli ya kwenda hospitali ya rufaa hawakosi kumpeleka mtoto kliniki. Kadi inajazwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya sita ule uchafu wa kuzaliwa umekwisha, mtoto bado analala usingizi mzito akishanyonya, na akikwama leo anapimwa tena wiki ya kumi bila mama kuongezewa safari hata moja. Wazo hili si langu. Bolajoko Olusanya na wenzake walilijaribu katika kliniki za chanjo ya BCG jijini Lagos miaka ya 2000, na Afrika Kusini nao wakalijaribu kwenye zahanati zao. Ratiba inayopendekezwa kimataifa ni kupima kabla ya mwezi mmoja, kuthibitisha kabla ya miezi mitatu na kuanza msaada kabla ya miezi sita. Ukianza wiki ya sita umechelewa hatua ya kwanza kidogo, lakini ya tatu bado unaiwahi, nayo ndiyo yenye uzito.

Mtaniambia mashine ni ghali. Ni kweli, za kununua hufika dola elfu kadhaa. Lakini mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, wakiwemo Justin Chan na Shyam Gollakota, walichapisha muundo wa kifaa kinachofanya kazi hii kwa spika za masikioni za bei rahisi zilizounganishwa na simu. Vipuri vyake ni kama dola 10. Wakaingia ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nairobi ili upimaji huo uingie Kenya. Bei si kisingizio cha kudumu.

Kisingizio cha kweli ni kinachofuata baada ya jibu. Kumwambia mama kwamba mtoto wake hasikii, halafu ukamwacha aende, ni ukatili. Kuna shimesikio, na betri zake, na fundi wa kutengeneza upya kipande cha sikioni kila mtoto anapokua. Kuna upandikizaji wa kifaa ndani ya koklea, ambao Muhimbili waliuanza mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa India. Na kuna jambo lisilosubiri bajeti: lugha. Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, huko Colorado, walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto viziwi waliogunduliwa kabla ya miezi sita walikuwa na lugha bora waziwazi kuliko waliogunduliwa baadaye. Lugha hiyo inaweza kuwa ya mdomo au ya alama. Ubongo wa mtoto hauchagui. Unachodai ni kwamba ipatikane mapema. Kwa hiyo familia isikae miaka miwili ikingoja kifaa. Waanze Lugha ya Alama ya Tanzania wiki hiyohiyo, baba, mama, bibi na kaka zake. Chama cha Viziwi, CHAVITA, kina watu wanaoijua tangu utoto, na ningependa hao ndio wawe wa kwanza kukutana na mama aliyepewa jibu, kabla ya daktari. Mtu mzima kiziwi anayefanya kazi na kulea watoto wake humweleza mama mambo ambayo sisi wenye makoti meupe hatuwezi.

Kwa waganga wakuu wa wilaya mlioko hapa ombi langu ni moja, tena la bei nafuu. Kwenye kadi ya kliniki, kwenye ukurasa wa wiki ya sita, gongeni muhuri wenye mstari wa sikio la kulia na wa sikio la kushoto. Hata kabla mashine haijafika. Nesi akiona mstari mtupu kila Jumatatu atauliza kwa nini, na mama ataanza kuuliza pia.

Wazazi, msingoje mashine. Mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti yako ukiwa nyuma yake na hujagusa kitanda, mpeleke. Aliyewahi kupimwa akapita, kisha akaugua homa ya uti wa mgongo, surua au matumbwitumbwi, mrudishe akapimwe tena, kwani kupita mara moja si cheti cha maisha. Sikio linalotoa usaha si la kuwekewa mafuta ya moto. Wasichana wapate chanjo ya surua na rubela, ambayo nchi yetu imeitoa tangu 2014, kwa sababu rubela ya mama mjamzito ni miongoni mwa mambo yanayozaa watoto viziwi. Na mwenye kile kikaratasi kinachosema mtoto apelekwe mbele, hata kama kina mwaka mzima ndani ya kanga, kesho aende nacho hospitali ya mkoa akaulizie chumba cha masikio, pua na koo.